Somo: Kumlinda mtoto mtandaoni, na la kufanya anapotishiwa kwa picha

Nimeziweka hatua hizi mahali pamoja kwa sababu swali la namna ya kumfungia mtoto simu limerudi tena, na majibu yote yanataja programu, ilhali programu ni sehemu ndogo ya kazi hii.

1. Fungua akaunti ya mtoto kwa umri wake wa kweli.

2. Simu ya Android iunganishe na Google Family Link, programu ya mzazi ya kusimamia simu ya mtoto, ili kila programu mpya ipate idhini yako kwanza.

3. Kwenye faragha ya WhatsApp, zuia wageni wasimwingize kwenye makundi.

4. Mwahidi mapema kwamba akikuletea shida ya mtandaoni hutampiga wala kumnyang'anya simu, kisha uitimize ahadi hiyo.

5. Akitishiwa kwamba picha zake zitasambazwa, hapa ndipo wazazi wengi tunapoharibu. Hasira hutufanya tufute mazungumzo yote, na kwa kufuta tunaondoa jina la akaunti, namba na tarehe ambazo polisi wangezihitaji. Usifute na usilipe, kwa kuwa anayelipwa mara moja hurudi kudai zaidi. Hifadhi ujumbe wa vitisho, mfungie mtu huyo, kisha, hapa Tanzania, nenda Dawati la Jinsia na Watoto katika kituo cha polisi au piga 116, namba ya msaada kwa watoto, bila malipo. Picha yenyewe usiitume kwa yeyote, hata kwa shangazi wala kundi la ukoo kuomba ushauri: Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inakataza kusambaza picha za ngono za watoto, na nia yako njema haimpunguzii mtoto aibu.

MASWALI

— Naomba programu ya kusoma meseji za binti yangu bila yeye kujua.

Ndugu, rudia hatua ya 4. Siku atakapogundua, hatakuambia tena lolote.

— Mwalimu, kwa nini serikali isiwazuie tu watoto, kama Australia?

Ahsante kwa swali hili. Tangu Desemba 2025, Australia inaitaka mitandao mikubwa ya kijamii isiruhusu akaunti za walio chini ya miaka 16, na jambo jema ninaloliona humo ni kwamba mzigo umewekwa kwa kampuni, si kwa mtoto. Lakini katika nyumba zetu nyingi mtoto hutumia simu ya mama, kwa akaunti ya mama, na mtandao humwona kama mtu mzima. Kwetu ningeanza na somo hili darasani, na askari wa dawati waliofunzwa kupokea ushahidi wa simu.

— Basi simu ya pamoja tuifanyeje?

Simu nyingi za Android zina mpangilio, upande wa usalama, unaoibakiza programu moja tu kwenye skrini hadi uweke namba yako ya siri. Uwashe kabla hujampa.

— Nyongeza: picha za mahafali tunazoweka hadharani huonyesha nembo ya shule kwenye sare.

Ni kweli kabisa, mama. Ikate nembo kabla ya kuiweka picha.