Kumfuga Bucculatrix maritima kuanzia jani hadi nondo

Naandika haya baada ya kumsaidia mwenzangu ambaye viwavi wake walikuwa wakifia ndani ya kopo. Bucculatrix maritima ni nondo mdogo wa pwani za Ulaya. Mabawa yakitandazwa hayafiki sentimita moja.

Hatua ya 1. Nenda maji yakiwa yamekupwa, heri siku za maji mafu (bahari haijai wala kupwa sana) kuliko za bamvua (inapojaa na kupwa mno). Kwenye nyanda za matope ya chumvi tafuta Tripolium pannonicum, mmea wa jamii ya alizeti wenye majani manene.

Hatua ya 2. Elekeza jani kwenye jua. Kiwavi hula nyama ya jani kwa ndani na kuacha njia nyembamba iliyopauka. Chukua yale tu ambayo kiwavi anaonekana humo. Lenzi ya mkono ya kukuza mara 10 inatosha.

Hatua ya 3: unyevu. Hapa ndipo wengi hupoteza viwavi wote. Jani lililokatwa hunyauka, na kiwavi hali jani lililonyauka. Ukililowesha, ukungu unaingia. Kwa hiyo mimi napendelea mmea mzima kwenye chungu, umefunikwa neti laini. Mwagilia maji baridi, si ya bahari: mmea huu unastahimili chumvi lakini hauihitaji, na maji ya chungu yakikauka chumvi hubaki na kurundikana.

Kama huna budi kutumia kopo, tandika tishu kavu, futa matone kila siku, ondoa kinyesi, na usiliweke juani hata kidogo. Jani likichoka, weka bichi liguse lile kuukuu, kiwavi ahame mwenyewe. Kibano kitamponda.

Utaona pia utando mdogo mweupe, bapa, umebandikwa kwenye jani. Tafadhali usidhani ndicho kifukofuko (ala ya hariri ambamo kiwavi hugeuka nondo) ukaacha kuleta majani! Viwavi wa jenasi hii hujificha humo kujibandua ngozi, kisha hutoka na kuendelea kula. Kifukofuko chenyewe ni kirefu zaidi na kina matuta yanayokwenda kwa urefu wake, kama kitambaa kilichokunjwa marinda.

Hatua ya 4. Kifukofuko kikishasokotwa, kiache palepale na usubiri.

Hatua ya 5. Andika lebo kwa penseli, kwa sababu wino huchuruzika: tarehe, mahali, mmea. Akitoka nyigu mdogo badala ya nondo, mwekee lebo vilevile. Alikuwa akiishi ndani ya kiwavi, na rekodi yake ina thamani ileile.