Ukingo wa tairi usioguswa na lami: jinsi ya kuusoma, na jinsi ya kuzoea kulaza pikipiki kwenye kona

Chuchumaa nyuma ya pikipiki iliyokwisha kutembea kilomita elfu mbili au tatu, utaona tairi la nyuma lina rangi mbili. Katikati mpira umefifia na una mikwaruzo midogo ya lami. Pembeni, kulia na kushoto, umebaki ukanda mweusi unaong'aa, wakati mwingine na vinywele vya mpira vya kiwandani bado vimesimama. Ukanda huo ni sehemu ya tairi ambayo haijawahi kugusa barabara.

Waendeshaji hupenda kupimana kwa ukanda huo. Mwenye ukanda mpana huitwa mwoga, na asiye nao huitwa fundi wa kona. Kipimo hicho ni cha uongo na ni cha hatari, kwa sababu mtu huingia kona kwa mwendo usiomfaa ili tu akafute ukanda.

Upana wa ukanda hutegemea mambo mengi yasiyohusu ujasiri. Tairi lenye umbo la duara kali hubakiza ukanda tofauti na lililo bapa zaidi. Tairi pana likifungwa kwenye ringi nyembamba hubanwa, mabega yake hushuka, na ukanda haufikiki hata pikipiki ilale vipi. Tairi la mbele kwa kawaida hubakiza ukanda mpana kuliko la nyuma, kwa hiyo usishangae ukiona la nyuma limeguswa hadi karibu na mwisho na la mbele bado lina kidole kizima cha mpira mpya. Kisha kuna mwili wa mwendeshaji. Anayeinamisha kifua kuelekea ndani ya kona hupita kona ileile kwa mwendo uleule bila pikipiki kulala sana. Yeye ndiye mwendeshaji bora, na ndiye atakayebaki na ukanda mpana.

Tairi lina habari nyingine nzuri za kukupa, na hizo ndizo za kusoma kabla hujajifunza lolote.

Kidole kwenye tairi

Zima injini, acha tairi la nyuma lipoe, kisha weka kidole katikati ya tairi na ukipitishe polepole kwenda pembeni. Tairi zima litakupa mviringo mmoja usiokatika, kama mgongo wa kijiko. Tairi lililoliwa na safari ndefu za barabara iliyonyooka litakuwa bapa kama ubao katikati, kisha kidole kitakutana na tuta, halafu kishuke ghafla. Ukiwa na mashaka, laza rula juu ya mpira kukatisha upana wa tairi. Rula ikitulia bila kucheza, tairi limekuwa bapa.

Tuta hilo ndilo chanzo cha hofu ya watu wengi kwenye kona. Pikipiki inapoanza kulala, tairi hukataa kutoka kwenye ubapa. Mwendeshaji husukuma zaidi, tairi huvuka tuta, na pikipiki huanguka ghafla ndani ya kona kwa nyuzi (digrii) kadhaa zaidi ya alivyokusudia. Mwili hushtuka na mikono hukaza. Baada ya siku chache mtu huyo huamini kwamba yeye hawezi kona, kumbe anaendesha tairi lililokwisha. Mazoezi hayaondoi tuta hilo. Linaondoka kwa kubadilisha tairi, hata kama mabega bado yana mpira mzuri, na hata kama mifereji ya pembeni bado ina kina.

Angalia pia alama za kikomo: vijiti vidogo vya mpira vilivyo chini ya mifereji. Mara nyingi ubavu wa tairi huandikwa TWI mahali vilipo. Mpira wa juu ukilingana na vijiti hivyo, tairi limekwisha. Umri nao ni muhimu. Tafuta kwenye ubavu kisanduku chenye tarakimu nne baada ya herufi za DOT. 2319, kwa mfano, ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Baada ya miaka 5 likaguliwe na fundi kila mwaka, na likifika miaka 10 litoe hata kama linaonekana jipya, kwa sababu mpira hukauka na kuwa mgumu, na mpira mgumu haushiki lami pikipiki ikiwa imelala.

Ukiona tairi la mbele lina mabonde na vilima vya zamu kwa zamu kulizunguka, kagua upepo kwanza, kisha shokapu za mbele na beringi za usukani. Upande mmoja ukiisha kabla ya mwingine, mara nyingi hakuna kasoro. Kunakoendeshwa upande wa kushoto wa barabara, kona za kulia hupitwa kwa njia ndefu zaidi, na mizunguko yote ya barabarani hulaza pikipiki kulia. Kwa hiyo bega la kulia huliwa zaidi. Kunakoendeshwa kulia, ni kinyume chake.

Upepo

Pima upepo asubuhi kabla pikipiki haijatembea, kwa geji yako mwenyewe. Namba sahihi iko kwenye kibandiko cha pikipiki, mara nyingi karibu na mnyororo, au kwenye kitabu chake. Ile iliyoandikwa kwenye ubavu wa tairi ni ya kiwango cha juu ambacho tairi linaweza kubeba, na si ya kujazia. Pikipiki ndogo nyingi huhitaji psi 25 hadi 30 hivi, na kubwa za barabarani mara nyingi psi 36 mbele na 42 nyuma, lakini fuata kibandiko chako. Ukibeba abiria, namba ya nyuma hupanda.

Tairi likipata joto, upepo hupanda wenyewe kwa karibu psi 1 kwa kila nyuzi joto 6. Usiupunguze tairi likiwa la moto. Upepo mdogo huufanya usukani uwe mzito, pikipiki isite kuingia kona kisha iyumbe ikishalala. Upepo mwingi huliisha tairi katikati (ndipo lile tuta linapozaliwa) na hupunguza eneo la mpira linalogusa lami, ambalo hata kwenye tairi zima ni kama kiganja cha mkono tu.

Tairi jipya lina uso laini wa kiwandani na huteleza. Kwa kilomita 150 za kwanza usiongeze gesi wala kufunga breki kwa nguvu, na ulaze pikipiki kidogo kidogo, kila siku zaidi ya jana, hadi kwenye ukingo uliouzoea. Usisugue tairi kwa msasa wala kulipaka kitu cha kung'arisha.

Hesabu ya kulala

Kiasi cha kulala huamuliwa na vitu viwili: mwendo na ukali wa kona. Uzito wa pikipiki hauingii. Na mwendo huhesabiwa mara mbili, yaani ukizidisha spidi mara mbili, msukumo wa kutoka nje ya kona unakuwa mara nne. Kona yenye nusu kipenyo cha mita 30 ukiipita kwa kilomita 50 kwa saa, pikipiki hulala nyuzi 33. Ongeza kilomita 5 tu, inahitaji nyuzi 38. Ndiyo maana kona uliyoimudu jana hukushtua leo ukiingia na mwendo uliozidi kidogo.

Kwa hesabu hiyo unaweza kufanya mazoezi kwa vipimo badala ya kubahatisha. Tafuta uwanja wa lami usio na magari, angalau mita 40 kwa 40, na uufagie mchanga wote. Vaa kofia ngumu, glavu, koti nene na viatu vinavyofunika vifundo. Funga kamba ya mita 10 kwenye kigingi katikati, zungusha duara, na uliwekee alama kwa chupa tupu za plastiki. Mzunguko wake ni karibu mita 63. Usitazame spidi ukiwa umelala. Mpe mwenzako simu akupimie sekunde za mzunguko mmoja. Sekunde 11 ni kilomita 20 kwa saa na nyuzi kama 18 za kulala. Sekunde 9 ni kilomita 25 na nyuzi 26. Sekunde 7.5 ni kilomita 30 na nyuzi 35, na hapo wewe umelala zaidi kuliko waendeshaji wengi wanavyolala barabarani.

Siku ya kwanza baki kwenye sekunde 11, gia ya pili, gesi imetulia bila kupanda wala kushuka. Mizunguko mitano kulia, mitano kushoto, pumzika. Dakika 20 zinatosha. Mwili uliochoka hukaza mabega na kujifunza vibaya. Shuka kwenda sekunde 10 pale tu mizunguko mitano mfululizo inapolingana, tofauti isizidi nusu sekunde. Karibu kila mtu ana upande mgumu. Anza na upande huo kila siku, ukiwa bado hujachoka.

Mikono, macho, gesi

Pikipiki inayozidi mwendo wa mtu anayekimbia haizungushwi kwa kugeuza usukani kuelekea kona. Ili ilale kulia, sukuma mkono wa kulia wa usukani mbele, taratibu. Tairi la mbele linageuka kidogo kushoto, na pikipiki inaangukia kulia. Kila mwendeshaji hufanya hivyo bila kujua, lakini ukijua unapata njia ya kuamuru: msukumo mdogo, inalala kidogo, msukumo zaidi, inalala zaidi. Lijaribu kwanza kwenye barabara iliyonyooka na tupu kwa mwendo wa kilomita 40 kwa saa, kwa kusukuma kidogo tu kulia kisha kushoto. Ikishalala unavyotaka, legeza mkono. Mikono iliyokaza huzuia tairi la mbele kufuata njia yake, na pikipiki hutoka nje ya kona ingawa bado ina uwezo wa kulala.

Kinachoshika mwili ni magoti kwenye tangi. Jaribu hivi: ukiwa ndani ya duara, pigapiga viwiko vyako juu chini kama kuku. Kama usukani unatikisika, umening'inia juu yake.

Macho nayo yaongoze. Kwenye duara tazama robo ya mzunguko mbele yako, kidevu kimegeuka, macho yakiwa sambamba na upeo. Barabarani, tazama pale ambapo kingo mbili za barabara zinaonekana kukutana. Nukta hiyo ikikusogelea, kona inakaza, punguza. Ikitulia, baki na mwendo wako. Ikianza kukukimbia, kona inafunguka na unaweza kuongeza gesi.

Mpangilio wa kona ya barabarani ni huu: breki na gia zimalizike pikipiki ikiwa wima; geuza macho; sukuma; kisha fungua gesi kidogo sana na uendelee kuifungua polepole hadi utoke. Gesi hiyo ndogo hugawa uzito kati ya matairi mawili na kuinua pikipiki kwenye shokapu zake. Ukifunga gesi ghafla katikati ya kona, uzito hukimbilia mbele, pikipiki huinama, vikanyagio vinashuka karibu na lami, na tairi la mbele hubebeshwa kazi mbili kwa wakati mmoja.

Siku utakapoingia kona na mwendo uliozidi, na itakuja, mwili utataka mambo matatu: kufunga gesi, kukanyaga breki ya nyuma, na kukodolea macho ukingo wa nje au mtaro. Yote matatu yanakupeleka kwenye mtaro huo. Peleka macho kwenye njia ya kutokea, sukuma mkono wa ndani zaidi, na uache gesi ilipo. Kwenye lami kavu yenye tairi zima, pikipiki karibu kila mara bado ina nyuzi za akiba nyingi kuliko unavyohisi. Kama mbele kuna nafasi iliyonyooka, inua pikipiki kwanza, kisha funga breki.

Akiba hiyo haipo kwenye changarawe, mchanga, dizeli iliyomwagika, vifuniko vya chuma na michoro ya rangi iliyolowa. Juu ya vitu hivyo pikipiki iwe wima kadiri njia inavyoruhusu, na hapo hakuna ufundi unaookoa zaidi ya kupunguza mapema. Tairi la baridi nalo halina akiba, hivyo dakika kumi za mwanzo wa safari si za kulala.

Kikanyagio kikigusa lami, utasikia mkwaruzo na mguu utainuliwa. Usishtuke ukafunga gesi. Baki na njia yako, inua pikipiki kidogo kwa kupeleka kifua ndani, na ujue umefika mwisho. Baada ya kikanyagio hufuata stendi au egzosi, na vitu hivyo havikunjiki: vinainua tairi la nyuma kutoka kwenye lami. Vidole vya miguu vikae ndani, juu ya kikanyagio, visining'inie chini ya gia.

Kila baada ya wiki mbili za mazoezi, chuchumaa tena nyuma ya tairi. Utaona ukanda umepungua, na pengine upande mmoja umepungua zaidi. Linganisha kwa kidole pande zote mbili. Ule wenye ukanda mpana ndio wa kuanzia duara la kesho, kwa sekunde 11.