Kabla hujabadilisha dishi: namna ya kuhuisha kituo cha mawasiliano ya setilaiti Nyanda za Juu Kusini

Vijana wanaokuja kwangu hapa Uyole, Mbeya, kuuliza habari za setilaiti karibu wote huanza na swali moja: mzee, tununue dishi gani? Nimekuwa fundi wa mawasiliano miaka mingi, sehemu kubwa katika vikosi vya kulinda amani, na siku hizi nasaidia zahanati na shule za milimani ambako nyaya hazijafika. Jibu langu halibadiliki. Dishi ni la mwisho. Kituo huzeekea chini: kwenye waya wa ethi unaopeleka umeme wa radi ardhini, kwenye konekta iliyoingia maji, kwenye nywila ambayo haijaguswa tangu modemu itoke kwenye boksi. Ukisimika dishi jipya juu ya uchakavu huo, hela imekwenda na tatizo limebaki palepale.

Wakubwa nao yamewakuta. Jeshi la wanamaji la Marekani lilirusha setilaiti tano za mawasiliano ziitwazo MUOS kati ya 2012 na 2016, zenye teknolojia inayofanana na ile ya simu za 3G. Setilaiti zilikuwa juu, nzima, lakini redio za kuzitumia zilichelewa kwa miaka, na wakaguzi wa serikali yao wakaliandika jambo hilo ripoti baada ya ripoti. Kwa hiyo bajeti yako igawe ukianzia chini: umeme na ethi, kebo, modemu, mafunzo ya waendeshaji, halafu ndiyo dishi na muda wa setilaiti.

Kazi ya kwanza ni ya kalamu. Andika nani anazungumza na nani, ujumbe wa aina gani, na kila ujumbe unaweza kusubiri muda gani. Tanzania ilipopeleka kikosi mashariki mwa Kongo mwaka 2013, katika brigedi moja na Afrika Kusini na Malawi, askari wa doria hakuwa na haja ya picha za video muda wote. Kikosi cha namna hiyo kinahitaji kusema kilipo, kuomba majeruhi achukuliwe, na kupokea amri. Ujumbe huo ni mdogo sana ila lazima ufike. Sauti iliyobanwa kwa kanuni ya G.729 inakula kilobiti 8 kwa sekunde, na ukijumlisha vichwa vya pakiti, yaani anwani zinazotangulia kila kipande cha data, inafika kama 24. Ukishajua hivyo, unagundua kwamba vituo vingi vinavyolalamika mtandao mdogo havina upungufu wa mtandao. Vina watu wanaopakua video kwenye njia ileile inayobeba simu ya dharura. Weka foleni kwenye ruta: sauti ya dharura mbele, taarifa za mahali zifuate, mengine yote nyuma. Hapo peke yake unaweza kuahirisha manunuzi mwaka mzima.

Waeleze watumiaji pia habari ya kuchelewa. Setilaiti iliyotulia juu ya ikweta iko kilomita 35,786 kutoka ardhini, hivyo neno lako linachukua kama robo sekunde kupanda na kushuka, na jibu robo nyingine. Hakuna modemu itakayopunguza hilo. Mfundishe mtu amalize sentensi, anyamaze, asikilize. Asiyefundishwa ataongea juu ya mwenzake kisha aandike kwenye ripoti kwamba mtambo ni mbovu.

Sasa masafa, yaani kasi ya mtetemo wa mawimbi, ambayo hugawanywa kwa mafungu yaitwayo bendi, na hapa ndipo mikoa yetu ina neno lake. Matone ya mvua hunyonya mawimbi, na kadiri masafa yanavyopanda ndivyo yanavyonyonywa zaidi. Bendi ya C inapita kwenye mvua karibu bila kujali, ila inataka dishi kubwa. Bendi ya X, inayopokelewa kati ya gigahezi 7.25 na 7.75, imetengewa serikali na majeshi. Mitambo kama Skynet ya Uingereza na WGS ya Marekani inaitumia, na sababu mojawapo ni kwamba inavumilia hali ya hewa kuliko zilizo juu yake. Bendi ya Ku ndiyo ya kukodi kwa kampuni, dishi lake linabebeka, lakini mvua kubwa huikata. Ka inaumia zaidi. Mtu wa Iringa mjini anaweza kuishi na Ku bila shida kubwa. Tukuyu, wilayani Rungwe, ni jambo jingine kabisa: pale mvua inapita milimita 2,000 kwa mwaka, na Iringa haifikii nusu ya hiyo. Usichukue hesabu iliyofanyiwa Dodoma ukaisimika Rungwe.

Kinachosaidia ni modemu inayojirekebisha. Kanuni ya kurusha data kwa setilaiti iitwayo DVB-S2, ya mwaka 2005, ilibeba data kiasi cha asilimia 30 zaidi ya DVB-S ya zamani kwenye masafa yaleyale, na iliyoifuata, DVB-S2X ya 2014, ikaongeza ngazi nyingi zaidi za kasi. Mvua ikizidi, modemu inashuka ngazi yenyewe: kasi inapungua lakini njia haikatiki. Kituo chako kikiwa bado na modemu ya DVB-S, kuibadilisha hiyo peke yake, ukaacha dishi na kifaa cha kurushia vilevile, ndiyo pesa itakayozaa kuliko zote. Ila uangalie jambo moja: ngazi ya chini kabisa iwe bado inatosha kubeba simu zako mbili tatu za dharura. Uliza hilo kabla hujasaini mkataba, na liandikwe.

Twende kwenye kazi ya mikono. Panda kwenye kituo cha zamani na kisu, spana na kipima ohm, usipande na katalogi. Fungua konekta ya nje, ile iliyo karibu na LNB, kifaa cha kupokea mawimbi kilicho mbele ya dishi. Vua utepe. Kama shaba ya katikati imekuwa nyeusi au ya kijani, kata sentimita kumi za kebo uangalie tena. Bado kijani? Kata tena. Maji hutembea ndani ya kebo chini ya ganda la nje, na nimewahi kuona kebo ambayo imeoza mpaka mlangoni mwa chumba cha mitambo huku kwa nje inang'aa kama mpya. Kebo ya hivyo itoe yote. Unapofunga mpya, uache kitanzi kininginie chini kabla ya kuingia ukutani ili maji yadondoke hapo, na utepe wa kuzuia maji uvutwe kutoka chini kwenda juu, mizunguko ipandane kama vigae. Chungulia pia mdomo wa kupokelea ulio mbele ya dishi. Kifuniko chake cha plastiki kikipasuka, nyigu hujenga humo, na kiota cha udongo kinazuia mawimbi vizuri sana.

Ethi ndiyo inayoua mitambo mingi huku kwetu kuliko uzee. Radi za Novemba na Desemba milimani si za kuchezea. Fimbo ya shaba, dishi, mlingoti, rafu ya mitambo na jenereta vyote viungwe pamoja kwenye ethi moja. Ukiwa na ethi mbili zisizounganishwa, radi itapita kwenye modemu yako kutoka moja kwenda nyingine. Mimi nalenga chini ya ohm 5. Na kipimo kifanyike Septemba au Oktoba, ardhi ikiwa imekauka na imepasuka. Cheti cha ethi kilichopimwa Machi, udongo umelowa, mimi sikikubali, hata kiwe na mhuri.

Umeme nao una hesabu ya mwinuko. Makete na Kitulo usiku wa Juni na Julai kuna barafu asubuhi kwenye majani. Betri za risasi hupoteza sehemu ya nguvu zake kwenye baridi hiyo, basi ongeza idadi au zijengee kijumba kinachohifadhi joto. Jenereta ya dizeli kwenye mita 2,600 haitoi nguvu iliyoandikwa kwenye kibati chake kwa sababu hewa ni nyepesi.

Kuelekeza dishi: vitabu vingi vya maelekezo vimeandikwa kwa ajili ya watu wa kaskazini ya ikweta, vinasema geukia kusini. Sisi tuko kusini, tunageukia kaskazini. Kutoka Mbeya, setilaiti iliyo juu ya longitudo ya nyuzi 33 mashariki iko karibu utosini, mwinuko wa nyuzi 79 na nusu hivi kutoka upeo wa macho. Ile iliyo nyuzi 60 mashariki utaipata kwenye mwinuko wa nyuzi 57 na kidogo, ukiwa umegeukia nyuzi 73 kutoka kaskazini ya kweli, na dira yako inaonyesha kaskazini ya sumaku, kwa hiyo rekebisha. Dishi lenye mdomo katikati likielekea karibu wima hukusanya maji na mvua ya mawe. Hakikisha tundu la kutolea maji lipo na halijaziba. Dishi la mita 1.8 kwenye Ku lina mwali, yaani mkondo wa mawimbi linaoutoa na kuupokea, wenye upana wa kama nyuzi moja tu. Zege lisilokauka vizuri, au mlingoti usio wima, utakuhamisha nje ya mwali huo msimu wa kwanza wa upepo. Kabla ya kurusha, piga simu kwa kituo kikuu cha mtandao mfanye pamoja kipimo cha mpishano wa mawimbi, kuona kama mawimbi yako ya wima na ya mlalo hayachanganyikani: wao wanaangalia, wewe unazungusha mdomo polepole mpaka waseme tofauti imefika desibeli 30. Asiyefanya kipimo hiki anamharibia jirani yake wa angani, na kwa mtandao wa kijeshi jirani huyo anaweza kuwa kikosi kingine kilicho vitani. Kibali cha kurusha kwa kituo cha kiraia kinatoka TCRA, mamlaka ya mawasiliano ya Tanzania, kishughulikie mapema.

Usalama naomba uusome mara mbili. Tarehe 24 Februari 2022, Urusi ilipokuwa inaanza kuivamia Ukraine, washambuliaji waliingia kwenye mtandao wa usimamizi wa setilaiti ya intaneti iitwayo KA-SAT wakafuta kumbukumbu za modemu maelfu kwa maelfu barani Ulaya. Jeshi la Ukraine lilikuwa mtumiaji mmojawapo. Huko Ujerumani, mitambo ya upepo ipatayo 5,800 ilipoteza mawasiliano ya usimamizi. Setilaiti haikuguswa hata kidogo. Walipitia kifaa cha ardhini kilichopangwa vibaya, kisha wakatumia amri halali za usimamizi. Kabla ya hapo, Brazil, polisi mwaka 2009 walikamata watu waliokuwa wakipiga soga kupitia setilaiti za zamani za wanamaji wa Marekani kwa redio walizojiundia wenyewe, kwa kuwa setilaiti hizo hurudisha chini chochote kinachozifikia bila kuuliza ni nani.

Kutokana na hayo, fanya hivi. Kisimba fiche, yaani kifaa kinachogeuza ujumbe usisomeke na mwingine, kiwe mbele ya modemu, upande wa mtumiaji, ili modemu na kampuni inayokodisha wabebe data wasiyoweza kuisoma. Njia ya usimamizi itenganishwe na njia ya watumiaji, na isifunguke kutoka intaneti. Nywila zote zibadilishwe siku ya kwanza. Programu ya ndani ya modemu ipokelewe tu ikiwa na sahihi ya mtengenezaji, na nakala yake pamoja na mipangilio yote ikae kwenye diski iliyofungiwa kabatini, mbali na mtandao. Pembeni yake iwepo modemu ya akiba iliyokwisha pangwa. Waliokumbwa mwaka 2022 walilazimika kungoja modemu mpya zisafirishwe; kutoka Dar es Salaam hadi Ludewa wakati wa mvua, hilo si jambo la kungoja.

Usitegemee setilaiti moja. Intelsat 33e, iliyokuwa nyuzi 60 mashariki ikihudumia Afrika, Ulaya na sehemu ya Asia, ilivunjika vipande tarehe 19 Oktoba 2024, ikiwa na miaka minane tu angani. Njia ya pili ipite kwa setilaiti nyingine na kampuni nyingine, au mkongo wa taifa pale unapofika, kama Mbeya mjini. Kwa ujumbe mfupi wa dharura, mtandao wa Iridium wenye setilaiti 66 kwenye kilomita 780 unafaa. Na redio ya HF, ile ya mawimbi mafupi isiyohitaji setilaiti, usiitupe. Halafu kila mwezi zima njia kuu kwa makusudi mchana kweupe, mwendeshaji wa zamu ahamie ya pili bila kuelekezwa.

Mtambo mpya ukishawaka, wa zamani usizimwe. Vyote viwili vifanye kazi sambamba kuanzia Oktoba mpaka mvua zinapokatika, Aprili au Mei kwa watu wa Rungwe. Weka daftari la mkono: asubuhi na jioni mwendeshaji aandike kiwango cha mawimbi, ngazi ya modemu na hali ya mvua. Daftari hilo litakuonyesha konekta inayoanza kuingia maji wiki kadhaa kabla njia haijakatika. Litakuonyesha pia dakika chache za kukatika kila siku, saa karibu ileile, mwishoni mwa Machi na tena kabla ya ikwinoksi ya Septemba, siku ambayo mchana na usiku hulingana: hapo jua limepita nyuma ya setilaiti. Usimwite fundi, waarifu watumiaji mapema na uhamishe simu muhimu kwenda njia ya pili.

Mvua zikikatika na daftari likiwa safi, ndipo uufungue na kuuondoa mtambo wa zamani. Modemu na kisimba visipelekwe kwa wanunuzi wa vyuma chakavu Mwanjelwa kabla kumbukumbu zake hazijatolewa na kupondwa mbele ya mashahidi wawili, namba za vifaa zikaandikwa na kutiwa sahihi. Dishi lenyewe, kama halijapinda, ni mali: lisafishe kutu, lipake rangi, libaki akiba. Rangi iwe isiyong'aa, maana jua lile la Machi linapopita nyuma ya setilaiti, dishi linalong'aa hukusanya joto lote kwenye mdomo wa kupokelea na kuuyeyusha.