Somo: Namna ya Kupima Kama Mlango wa Mto Unafaa kwa Umeme wa Maji Kujaa na Kupwa

Mtu aliyesimama kwenye gati la Pangani, Tanzania, wakati wa bamvua, akayaona maji yakikimbilia baharini huku kamba ya nanga ya mashua ikikaza kama uzi wa gambusi, halaumiwi akidhani kwamba hapo upo umeme wa kuwasha mji mzima. Somo hili linaeleza jinsi ya kuipima dhana hiyo kwa kalamu, kamba na saa kabla ya kumlipa mshauri yeyote. Nitasema mapema kwamba, kwa hesabu hizi, mlango wa mto wa pwani yetu ya Afrika Mashariki haufui dafu mbele ya milango iliyojengewa kuta za umeme kwingineko, yaani kuta zinazozuia maji yaliyojaa kisha kuyaachia wakati wa kupwa yazungushe turbaini, magurudumu ya kufulia umeme. Lakini si kila jibu ni ukuta.

Hatua ya kwanza: pima tofauti ya maji

Maji hujaa kila baada ya saa 12 na dakika 25 hivi, yaani takriban mara 705 kwa mwaka. Urefu kati ya maji yaliyojaa na yaliyokupwa ndio ninaouita tofauti ya maji. Katika pwani yetu hufika mita 3 hadi 4 wakati wa bamvua, mwezi unapoandama au unapokuwa mpevu, na hushuka hadi karibu mita 1 wakati wa maji mafu, mwezi unapokuwa nusu.

Majedwali ya bandari yanaeleza hali ya bandarini, si ya mtoni, kwani maji yakiingia mtoni hupunguzwa nguvu na kingo na mafungu ya mchanga, au hupandishwa pale mlango unapobana kama faneli. Kwa hiyo simika ufito wako mwenyewe: mti ulionyooka, uliopigwa alama za rangi kila sentimita 10, ukafungwa kwenye nguzo ya gati mahali ambapo mashua haziugongi. Soma kila dakika 15 maji yanapokaribia kujaa na yanapokaribia kupwa, kwa siku 29, ili upate bamvua mbili na maji mafu mawili. Siku tatu za bamvua peke yake zitakudanganya.

Hatua ya pili: pima eneo

Tumia picha za setilaiti zilizopigwa maji yakiwa yamejaa na yakiwa yamekupwa. Eneo la maji hupungua sana tope na mikoko vinapoachwa wazi, hivyo chukua eneo la katikati, wala usichukue lile kubwa linalopendeza.

Hatua ya tatu: fanya hesabu

Nishati ya maji yaliyozuiwa nyuma ya ukuta, kwa kila kupwa moja, ni nusu ya uzito wa mita moja ya ujazo ya maji ya bahari (kilo 1,025), mara 9.81, mara eneo kwa mita za mraba, mara tofauti ya maji, mara tofauti hiyo tena. Jibu huja kwa jouli; ligawe kwa bilioni 3.6 upate megawati-saa. Nusu inaingia kwa sababu maji ya juu huanguka kimo chote, ilhali ya chini kabisa hayaanguki. Jambo la kuzingatia ni kwamba tofauti ya maji inazidishwa kwa yenyewe, na hapo ndipo wengi huteleza, kwani huchukua wastani kwanza kisha wakauzidisha. Ikiwa bamvua ni mita 3.5 na maji mafu ni mita 1, wastani ni 2.25, ambao ukizidishwa kwa wenyewe unatoa karibu 5.1, lakini ukizidisha kila moja kwanza ndipo utafute wastani, unapata 6.6. Njia ya pili ndiyo sahihi.

Tujaribu na bwawa la kufikirika la kilomita 2 za mraba. Kwa 6.6 hiyo, kila kupwa kunatoa takriban megawati-saa 18.4, na kwa mwaka karibu 13,000. Hata hivyo turbaini hazichukui zote. Kituo cha La Rance nchini Ufaransa, kilichozinduliwa mwaka 1966 kikiwa na turbaini 24 za megawati 10 kila moja, kina bwawa la takriban kilomita 22 za mraba na tofauti ya maji ya wastani wa mita 8. Kanuni yetu inakipa karibu gigawati-saa 1,390 kwa mwaka. Kinachozalishwa kwa kweli ni kama 500, kidogo zaidi ya theluthi. Basi nasi tuchukue theluthi: megawati-saa 4,300 hivi kwa mwaka, yaani wastani usiofika megawati 0.5. Maporomoko ya Pangani, juu kidogo ya mto huohuo, yana kituo cha megawati 68 kisichoigusa bahari.

Hatua ya nne: pima mkondo

Ukuta ukishindwa, jaribu turbaini iliyozamishwa mkondoni, isiyozuia maji. Hapa nguvu hufuata mwendo wa maji, mara mwendo huo, mara mwendo huo tena: kila mita ya mraba ya mkondo wa mita 1 kwa sekunde ina wati 510 hivi, na wa mita 2.5 ina zaidi ya wati 8,000. Chini ya mita 1.5 sioni haja ya kuendelea.

Wengi hupima kwa kutupa chungwa na kuhesabu sekunde kati ya fito mbili. Mlangoni mwa mto chungwa hudanganya, maana maji matamu ni mepesi na huelekea baharini juu, huku ya chumvi, yaliyo mazito, yakipanda mtoni chini yake. Chukua chupa mbili za plastiki: moja itie maji hadi ielee kwa shingo tu, nyingine itie mchanga hadi izame, kisha uzifunge kwa kamba ya mita 3. Mara ya kwanza nilipozitumia, chungwa lilikwenda zake baharini, chupa zikasimama palepale kama zimefungwa nanga. Turbaini ingewekwa huko chini, si kwenye chungwa.

Hatua ya tano: tope, mikoko na chumvi

Mto huleta tope, na ukuta huyatuliza maji yakaliacha. Mikoko nayo inahitaji maji yaje na yaondoke. Yakishikiliwa juu kwa muda mrefu, mizizi yake ya kupumulia huzama na miti ikafa, pamoja na mazalia ya kamba na samaki. Wakati wa ujenzi wa La Rance mlango ulifungwa kwa miaka mitatu hivi, na viumbe wake walihitaji miaka mingi kurudi. Kituo cha Annapolis Royal nchini Kanada, cha megawati 20, kilianza 1984 na kusimama 2019 baada ya mtambo kuharibika huku suala la vifo vya samaki likiwa mezani. Katika delta ya Rufiji, yenye msitu wa mikoko mkubwa kuliko yote Afrika Mashariki, hatua hii peke yake inatosha kuufunga mjadala wa ukuta.

Hatua ya sita: idhini

Tathmini ya athari kwa mazingira hupelekwa kwa chombo cha taifa cha mazingira: NEMC kwa Tanzania au NEMA kwa Kenya. Wavuvi waulizwe kabla, si baada.

Maswali ya wanachama

Swali (Tanga): Mwalimu, kwa nini tusijenge La Rance ndogo?

Jibu: Kwa sababu mita 8 dhidi ya mita 3 si mara mbili na theluthi mbili, ni mara saba kwa eneo lilelile, ilhali gharama ya ukuta haipungui mara saba.

Swali (Lindi): Je, kuna mahali ukuta ulisaidia mazingira?

Jibu: Ndiyo, Sihwa, Korea Kusini. Ukuta wa kilomita 12.7 ulikwishajengwa na maji ya ndani yakachafuka. Kituo cha megawati 254 kilichoanza 2011 kikayarudishia mzunguko. Tazama kwanza kama ukuta upo tayari.

Swali (Mombasa): Vipi kuhusu hori ya Tudor, ambako hakuna mto mkubwa?

Jibu: Tope ni dogo kuliko mlangoni mwa mto mkubwa, lakini tofauti ya maji ni ileile ya pwani yetu, na vyombo lazima vipite. Anza na hatua ya nne, kwenye shingo ya hori, na chupa zako mbili.

Swali (Bagamoyo): Shikamoo mwalimu. Umeme huu utapatikana saa ambazo watu wanauhitaji?

Jibu: Marahaba. Nusu ya wakati, ndiyo. Siku za bamvua maji ya pwani yetu hujaa karibu saa kumi alasiri na kukupwa karibu saa nne usiku, hivyo mkondo wa kutoka huwa na nguvu jioni, taa zinapowashwa. Siku za maji mafu mambo hugeuka: hukupwa karibu saa kumi alasiri, jioni yanajaa kivivu, na mkondo wenyewe ni dhaifu. Betri yako ipimwe kwa juma hilo.