Somo: Mchezo wa redio wa kuchekesha, wasafiri wawili wa wakati na Sultani mmoja

Wadau, salaam. Narekodi katika chumba kimoja hapa Umoja, Nairobi, kwa simu na maiki ya kubana kwenye kola. Asije mtu akaniambia hana vifaa.

Hatua ya 1: Chagua saa, usichague karne

Historia ya wafalme ni ndefu, na ukitaka kuimeza yote utapaliwa. Mimi nilichukua asubuhi moja tu: Unguja, tarehe 27 Agosti 1896. Sultani Hamad bin Thuwaini alikuwa amefariki siku mbili kabla, Khalid bin Barghash akaingia kasri bila ridhaa ya Waingereza. Akapewa hadi saa tatu asubuhi awe ametoka. Hakutoka. Mizinga ikalia, na katika dakika kama 40 mambo yakawa yamekwisha: Khalid kakimbilia kwa balozi wa Wajerumani, meli ya kisultani, Glasgow, imezama bandarini. Vita vifupi kuliko foleni ya Jogoo Road.

Lakini upande wa Sultani waliouawa na kujeruhiwa walikuwa kama 500. Mzaha uwaangukie wasafiri, marehemu waacheni.

Hatua ya 2: Wagonganishe

Wasafiri wangu ni Mashaka na Saada. Mashaka anataka Khalid abaki na kiti. Saada anataka atoke kabla ya mzinga wa kwanza. Wote wana hoja, na kila mmoja akifanya jambo mwenzake analifumua. Kichekesho chenyewe kimelala ndani ya lugha yetu. Mashaka kasikia kwa bibi yake kwamba vita vilianza "saa tatu", akaiweka mashine kwenye 3. Akatua gizani. Mfukoni ana karatasi ya Kizungu inayosema 9.

MASHAKA: Bawabu, saa ngapi saa hizi?
BAWABU: Saa tisa.
MASHAKA: Tisa! Laleni chini, mizinga hiyo!
BAWABU: Mzee, ni usiku. Mizinga gani?

Kasri zima linaamka. Saada, aliyeipiga hesabu ya saa vizuri, anafika asubuhi akakuta kila mtu ana usingizi na hasira, na Khalid hataki kusikia neno la mgeni yeyote.

Hatua ya 3: Sauti

Hapa ndipo nilipoumia. Mzinga nilianza kwa kugonga sufuria, ikasikika sufuria. Kilichofaa ni mtungi mtupu wa lita 20: simu iwe karibu na mdomo wake, piga kitako kwa ngumi iliyovaa ndara, kisha kwenye Audacity (programu ya kuhariri sauti, ni ya bure) punguza kasi kwa nusu. Mashine ya wakati ni zipu ya begi, imegeuzwa icheze kinyumenyume. Mwangwi wa kasri nimeutoa kwenye ngazi za ploti saa nane usiku, mpaka mlinzi akapanda na tochi kuuliza Sultani ni mpangaji wa chumba gani.

Maneno ya kawaida rekodi ukiwa umejifunika blanketi. Utatoka jasho, lakini honi za matatu hazitaingia.

Hatua ya 4: Kuhifadhi

MP3 ya mono (sauti ya njia moja), kilobiti 64 kwa sekunde. Dakika 10 zitakula megabaiti 5 hivi. Basi.

Maswali ya wanachama

Swali: Mwalimu, mbona usichukue Malkia Elizabeth wa Uingereza pale Treetops, ile hoteli ya juu ya mti? Nyeri ni hapa tu.
Jibu: Chukua wewe, ni nzuri. Usiku wa kuamkia tarehe 6 Februari 1952 alikuwa huko juu ya mti, na baba yake, George VI, akafariki usiku huohuo Sandringham. Ila habari ilimfikia baadaye akiwa Sagana Lodge. Ukiandika kwamba aliambiwa mtini, wazee wa Nyeri watakusahihisha. Mimi ningempa msafiri mmoja kazi ya kuiba ngazi.

Swali: Waigizaji wangu ni wa Kayole. Kiunguja kinawashinda kabisa.
Jibu: Msiwalazimishe. Msafiri aseme Sheng yake, wenyeji waseme Kiswahili cha kawaida kilichotulia, bila kuigiza lafudhi ya mtu. Khalid akiuliza "huyu anasema lugha gani?" umepata kicheko cha bure.

Swali: Huyo bawabu ni nani? Sauti yake inaua!
Jibu: Ndiye yule mlinzi wa ploti. Alikuja na tochi yake, nikampa karatasi.