Kabla Hujalipa Ada ya Kikundi cha Kupeana Wateja: Mambo ya Kuzingatia

Kikundi cha kupeana wateja kinauza kiti. Unalipa ada, unakaa na wenye biashara wengine ishirini au thelathini, na kila wiki mnapeana koneksheni, yaani mnaelekezeana wateja. Kwa kawaida kila fani ina mtu mmoja tu: akishaingia fundi umeme, fundi umeme wa pili hapokelewi. Kanuni hiyo ni ya zamani. Klabu ya Rotary, iliyoanzishwa na Paul Harris na wenzake Chicago mwaka 1905, ilianza hivyo hivyo, na wanachama wa mwanzo walifanyiana biashara kabla klabu haijajikita katika huduma kwa jamii. BNI, mtandao unaojulikana zaidi leo kwa kazi hii, ulianzishwa na Ivan Misner Marekani mwaka 1985.

Vipo vikundi vinavyowaletea wanachama wake kazi nzuri, na vipo vinavyowala muda mwaka mzima bila mteja wa maana. Ukijua pa kuangalia, tofauti unaiona kabla hujatoa hela.

Anza na wateja ulionao

Chukua daftari la mauzo, tafuta wateja 20 wa mwisho, na andika kila mmoja alikufikiaje: kwa tangazo, kwa kupita mlangoni, kwa intaneti, au kwa kuambiwa na mtu. Wale walioambiwa, andika pia aliyewaambia anafanya kazi gani. Kama kumi au kumi na wawili kati yao waliambiwa na mtu, biashara yako tayari inatembea kwa mdomo na kikundi kinaweza kuiongezea kasi. Kama ni mmoja au wawili, tafuta kwanza sababu. Anayeuza vitu vidogo kwa wapita njia hapati mengi humo, maana hakuna anayekaa kumfikiria jirani wa kumtuma akanunue kitu cha bei ndogo. Anayeuzia mashirika makubwa yanayonunua kwa zabuni naye hupata shida, kwa sababu mwenye uamuzi hajulikani na watu walio mezani.

Wanaofaidi zaidi ni wale ambao mteja wao anaogopa kukosea: wajenzi, mafundi bomba, wahasibu, mawakili, mawakala wa bima, madalali wa nyumba, wapiga picha wa sherehe. Mteja wa kazi hizi huuliza, “Unamjua mtu wa kuaminika?” kabla hajauliza bei.

Sasa angalia orodha ya wanachama na ujiulize: ni nani humu anakutana na mteja wangu kabla yangu? Mpiga picha wa harusi anahitaji mwenye ukumbi, mpambaji, mpishi wa sherehe, mshonaji na mshereheshaji. Fundi wa rangi anahitaji mjenzi, dalali na seremala. Kikundi cha watu 15 chenye watano wa aina hiyo kinazidi kikundi cha watu 40 ambacho hakina hata mmoja. Hili ndilo jambo tunaloliweka mbele ya mengine yote, na ndilo watu husahau wanapovutwa na ukubwa wa mkutano.

Ada ni sehemu ndogo ya gharama

Kwenye fomu utaona ada ya mwaka, na mara nyingi kiingilio cha mara moja. Nje ya fomu kuna chakula au malipo ya ukumbi kila wiki, nauli, mafunzo, na michango ya shughuli za kikundi. Lakini kinacholiwa zaidi ni muda. Mkutano wa dakika 90 kwa wiki 50 ni saa 75. Nusu saa ya kwenda na nusu saa ya kurudi inaongeza saa 50. Mazungumzo ya ana kwa ana na mwanachama mmoja kila wiki, ambayo vikundi vizuri huyasisitiza kwa sababu humo ndimo watu wanapoelewana, yanaongeza saa 50 nyingine. Jumla ni saa 175, karibu siku 22 za kazi za saa nane.

Weka hesabu kwa fedha yoyote unayotumia. Tuseme ada zote ni 30,000, nauli na chakula 7,500, na saa yako moja ina thamani ya 300, yaani 52,500 kwa saa 175. Gharama ya kweli ni 90,000, mara tatu ya kile kilichoandikwa kwenye fomu. Kama katika kila 100 ya mauzo inakubakia 30 baada ya gharama za kazi yenyewe, unahitaji mauzo ya 300,000 ili usipate wala usipoteze. Kazi yako ya wastani ikiwa 25,000, hizo ni kazi 12. Na kama katika kila watu watatu unaoelekezewa mmoja ndiye anayelipa, unahitaji koneksheni 36 kwa mwaka, tatu kila mwezi. Miezi ya mwanzo huwa mikavu, maana watu bado wanakupima. Miezi mitatu ikipita bila kitu, zitakuhitaji nne kila mwezi katika tisa iliyobaki.

Fanya hesabu hii kwa namba zako halisi. Mtu ambaye kazi yake moja ni ya 150,000 anahitaji kazi mbili tu, na kwake uamuzi ni tofauti kabisa. Na ada isitoke kwenye hela ya pango au ya mishahara. Mwenye presha ya kurudisha ada haraka hugeuka kuwa mwombaji, na mezani watu humwona.

Nenda kama mgeni, ukiwa na kalamu

Vikundi vingi humruhusu mgeni kuhudhuria mara moja au mbili. Tumia zote mbili, kwa kuwa siku moja inaweza kuwa nzuri au mbaya kwa bahati tu. Hesabu waliopo ukilinganisha na majina yaliyo kwenye orodha. Viti vingi vitupu ni habari mbaya. Angalia kama wanaanza kwa wakati. Kisha sikiliza kwa makini pale kila mtu anaposema alichowaletea wenzake.

Hapo tenganisha mambo matatu ambayo hutajwa kwa pumzi moja. Kuna mwanachama kununua kwa mwanachama mwenzake, jambo ambalo lina mwisho: akishapaka rangi nyumba za wote ishirini, fundi hana pa kwenda tena. Kuna namba ya simu ya mtu ambaye hata hajui kwamba atapigiwa. Na kuna koneksheni yenyewe: mtu wa nje mwenye haja, aliyeambiwa jina lako na anayesubiri simu yako. Hesabu hizi za tatu peke yake. Wanachama 20 wakitoa mbili tu mkutano mzima, wastani wa kila mmoja kwa mwaka wa mikutano 50 ni tano. Zilinganishe na zile 36.

Utaambiwa pia jumla ya biashara iliyopatikana kupitia kikundi. Uliza imegawanyikaje. Wanachama 20 wakitangaza 2,000,000 kwa mwaka, wastani unasomeka 100,000 kwa kila mmoja. Lakini kama dalali wa nyumba peke yake amepata 1,200,000, wale 19 wamegawana 800,000, takriban 42,000 kila mmoja. Na hayo ni mauzo, faida bado haijatolewa.

Omba orodha ya wanachama ya mwaka mmoja uliopita uilinganishe na ya leo. Uliza kiti unachopewa kilikuwa cha nani na kwa nini aliondoka. Kiti cha fani moja kikibadilisha watu watatu ndani ya miaka miwili, tatizo haliko kwa watu wale watatu. Tafuta wawili au watatu walioacha, uwaulize swali moja: ulipata kazi ngapi kutoka kwa watu wasio wanachama?

Ukiambiwa nafasi yako itachukuliwa leo usipolipa, rudi nyumbani. Na ikiwa kinachosifiwa zaidi ni malipo ya kuleta wanachama wapya, jua unaalikwa kwenye biashara nyingine kabisa.

Jina lako ndilo linalopita mezani

Tunakaa zaidi hapa kwa sababu ndipo watu huumia. Ukimpeleka mteja wako wa miaka kumi kwa fundi wa kikundi na fundi akaharibu, mteja hakumbuki kikundi. Anakumbuka ni wewe uliyesema, “Mwite huyu.” Hasara hiyo haimo kwenye hesabu yoyote hapo juu.

Kwa hiyo pitia orodha ya wanachama jina kwa jina ukiwa na simu mkononi. Kwa kila fani, je, kuna mtu unayemjua anayeweza kuhitaji huduma hiyo, na je, ungempeleka kwa mwanachama huyu kwa moyo mweupe? Ukipata fani saba au nane kati ya ishirini, una cha kutoa. Ukikosa kabisa, utakaa ukipokea bila kurudisha, na koneksheni zitakauka kimyakimya. Uliza kikundi kinawapokeaje watu wapya: je, wanapiga simu kwa wateja wa zamani wa mwombaji, wanakagua leseni, kuna kamati ya malalamiko? Kikundi kinachompokea yeyote mwenye ada kitakupokea na wewe haraka vile vile, na hiyo si sifa.

Jihadhari na kiwango cha lazima, mfano koneksheni moja kila wiki. Mtu akibanwa na idadi hutoa majina matupu, na wewe unapoteza saa kuwapigia watu wasiohitaji chochote. Usipitishe namba ya mtu kabla hajakubali. Katika nchi zenye sheria za kulinda taarifa binafsi, kama zile za Umoja wa Ulaya zilizoanza kutumika Mei 2018, kufanya hivyo kunaweza kuwa kosa.

Mawakili na watu wa afya wasome kwanza maadili ya taaluma zao. Nchini Marekani, kanuni za mfano za American Bar Association (chama cha mawakili wa nchi hiyo), namba 7.2, zinamzuia wakili kutoa kitu cha thamani ili apendekezwe, isipokuwa kwa hali chache. Makubaliano ya kupelekeana wateja yasiwe ya kufungana, na mteja aelezwe kwamba yapo. Sheria ya kila nchi ina masharti yake, na kikundi hakitakujibia mbele ya baraza la taaluma yako.

Maandishi kabla ya saini

Soma jinsi kiti chako kilivyoandikwa. “Mhasibu” inaweza kumaanisha uandishi wa vitabu, kodi, au ukaguzi, na ugomvi mwingi wa ndani huanzia hapo. Kama unafanya vyote vitatu, vitajwe vyote, na ujue nani anaamua fani mbili zinapogongana. Uliza unaruhusiwa kukosa mara ngapi katika miezi sita, kama unaweza kutuma mtu badala yako, na nini hufuata ukizidisha. Anayesafiri sana hupoteza kiti kwa kifungu hiki. Uliza kama unakatazwa kujiunga na kikundi kingine cha aina hiyo. Halafu marejesho ya ada: ukiugua, ukihama, au kikundi chenyewe kikivunjika katikati ya mwaka. Vikundi vingi havirudishi, na ni vyema hilo ulijue kabla hujalipa miaka miwili kwa ajili ya punguzo.

Kabla ya mkutano wako wa kwanza kama mwanachama, fungua jedwali lenye tarehe, aliyekuelekeza, jina la mteja, hatua iliyofikiwa, kiasi kilicholipwa, na siku uliyomshukuru aliyekuelekeza. Panga nani atapokea simu ukiwa kazini, maana koneksheni isiyopigiwa ndani ya saa 24 hupoa. Andika kwenye kalenda mapitio baada ya miezi sita ya uanachama, na mengine siku 45 kabla ada ya mwaka unaofuata haijakatwa, kwa kuwa baadhi ya vikundi hukata moja kwa moja kwenye kadi na hutaka taarifa ya kujitoa mwezi mzima kabla.