Mafuta ya mwarobaini kichwani: paka, ngoja, osha

Ukiniuliza mafuta ya mwarobaini yanapakwa vipi kichwani, jibu langu ni fupi: yanapakwa kabla ya kuosha nywele, yanakaa muda usiozidi saa moja, kisha yanatoka yote. Wateja wengi wanaokaa kwenye kiti changu cha saluni hapa Kenyatta Market, Nairobi, hufanya kinyume. Hupaka mafuta mazito moja kwa moja kutoka kwenye chupa, wakasukwa rasta juu yake, wakavumilia mwezi mzima wakingoja mba iishe. Nikiwafumua nakuta mba imezidi, imegandamana kwenye mistari, na ngozi imechubuka kwa kukunwa.

Sababu yake inaeleweka. Mba nyingi huletwa na kuvu iitwayo Malassezia, ambayo inaishi kwenye kichwa cha kila mtu mzima, awe na mba au asiwe nayo. Chakula chake ni mafuta ya ngozi. Mwarobaini una vitu vinavyozuia kuvu na kutuliza mwasho, ndiyo maana bibi zetu waliuamini na ndiyo maana hata mimi ninautumia. Lakini mafuta ya mbegu zake bado ni mafuta. Sehemu kubwa yake ni asidi ya oleiki, aina mojawapo ya asidi za mafuta, na asidi hiyo ikikaa juu ya ngozi yenye mba huifanya ibanduke zaidi. Kwa hiyo ukipaka na kuosha unapata faida ya dawa. Ukipaka na kuacha unailisha kuvu ile ile unayopigana nayo.

Kununua

Mwarobaini haupendi baridi ya Nairobi. Utaukuta umestawi ukishuka Kitui au Kibwezi, na kwetu Kilifi, ambako tunauita pia mkilifi, nyua nyingi zina mti wake wa kivuli. Nyanya yangu alikuwa akiokota mbegu chini ya mti baada ya ndege kula nyama ya tunda, anazikausha, anazibambua, anatwanga kiini kwenye kinu, kisha anakanda na maji moto kidogo kidogo mpaka mafuta yanachuruzika. Ni kazi ya siku nzima kwa kikombe kidogo. Tangu nilipoiona kazi hiyo sijawahi kuyamwaga ovyo mafuta haya.

Mjini hapa nayatafuta kwenye maduka ya Ngara na Parklands yanayouza bidhaa za Kihindi, au kwa akina mama wanaoyaleta kutoka Pwani. Fungua chupa unuse kabla ya kulipa. Mafuta yaliyokamuliwa bila kupikwa yana rangi ya kahawia inayoelekea kijani, au manjano iliyokolea, na harufu kali ya kitunguu saumu na njugu karanga. Harufu hiyo inatokana na salfa iliyomo. Usiposikia harufu yoyote, ama yamesafishwa mno au yamechanganywa. Chagua chupa ya rangi nyeusi au kahawia, kwa sababu azadirachtini, mojawapo ya viambato vyake vinavyojulikana zaidi, huharibika kwa mwanga na joto. Kama yamefungashwa, tazama alama ya KEBS, shirika la viwango la Kenya, na tarehe ya mwisho wa kutumika.

Jambo moja nalisisitiza kwa kila mteja: usinunue mafuta ya mwarobaini kwenye duka la dawa za mimea na mifugo. Yale ni ya kunyunyizia sukuma wiki na nyanya shambani. Yametiwa kemikali za kuyafanya yachanganyike na maji, na hayakutengenezwa kwa ajili ya ngozi ya binadamu. Jina kwenye chupa linafanana, bei inavutia, na nimewaona watu wakija nayo saluni.

Kuchanganya

Usipake mwarobaini mtupu. Kipimo changu ni kijiko kimoja cha chai cha mwarobaini kwa vijiko tisa vya mafuta mepesi. Kama ngozi yako huwashwa haraka, tia nusu kijiko badala ya kimoja. Mchanganyiko huo unatosha kichwa chenye nywele nyingi mara mbili au tatu.

Mafuta mepesi ya kuchanganyia ni yapi? Pwani tungetumia nazi bila kufikiri. Nairobi ni tofauti. Mafuta ya nazi huganda joto likishuka chini ya nyuzi 24 hivi, na mwarobaini nao huanza kuwa mzito na kufanya mabonge kukiwa na baridi. Kuanzia Juni hadi Agosti utakuta chupa zote mbili zimeganda kabatini. Hazijaharibika. Msimu huo mimi hutumia mafuta ya alizeti, ya ufuta au ya zeituni, ambayo hayagandi kwa baridi ya kwetu. Chupa ya mwarobaini iweke ndani ya bakuli la maji moto dakika chache, itikise, itarudi kuwa majimaji. Usiiweke juu ya jiko wala kwenye maikrowevu. Mafuta ya nyonyo siyachanganyi kabisa. Ni mazito, yanang'ang'ania nywele za kipilipili, na kuyaosha ni vita.

Harufu ikikushinda, tia matone mawili matatu ya mafuta ya rozmeri. Mafuta ya karafuu usitie. Ni makali, na kichwa kilichokunwa tayari kina vidonda vidogo ambavyo huvioni.

Halafu jaribu kwanza mkononi. Paka tone la mchanganyiko kwenye mkunjo wa kiwiko, uache siku mbili. Pakiwasha, pakivimba au pakitoa vipele, mafuta haya hayakufai, na hakuna haja ya kulazimisha.

Kupaka

Hapa ndipo watu wengi wanapokosea, nami napenda kazi hii ifanywe polepole. Kabla hujagusa chupa, angalia kama maji yapo. Mitaa mingi ya Nairobi hupata maji kwa zamu, na hakuna adhabu kama kukaa na kichwa chenye mwarobaini huku mfereji umekauka. Jaza mitungi miwili kabisa. Vaa fulana kuukuu, kwa sababu doa la mafuta haya halitoki.

Fumua nywele, zichambue kwa vidole, kisha uzigawe sehemu nne na kuzibana. Chukua sehemu moja, uipasue mistari kwa kichana cha mkia, upana wa kidole kati ya mstari na mstari. Mafuta yanawekwa kwenye mstari, juu ya ngozi. Nywele zenyewe hazina mba, kwa hiyo usizimwagie. Mimi hutumia kichupa chenye mdomo mwembamba, kile cha kuwekea rangi ya nywele. Pamba nayo inafaa. Ukimaliza mistari yote ya sehemu hiyo, sugua kwa ncha za vidole, mzunguko mdogo mdogo, ukiisogeza ngozi yenyewe juu ya fuvu. Kucha zisiguse. Magamba yaliyoshika yatalainika na kulegea yenyewe, na huna sababu ya kuyabandua kwa kichana kama nilivyoona saluni fulani zikifanya mpaka damu inatoka. Ngozi iliyochanika ni mlango wa uchafu.

Zingatia nyuma ya masikio, kisogoni, na pale nywele zinapoanzia usoni, kwa kuwa mba hupenda kujificha huko. Panguza paji la uso ili mafuta yasitiririke machoni. Yakiingia, osha jicho kwa maji mengi safi.

Funika kwa kofia ya plastiki, na juu yake taulo. Mara ya kwanza ngoja dakika 20 tu. Ukiona kichwa kimetulia, mara zinazofuata unaweza kufika nusu saa, hata saa moja. Mteja wangu mmoja anayefanya kazi Upper Hill aliniuliza, “Dada, nikilala nayo si itafanya kazi zaidi?” Nikamwambia hapana, lala na kichwa safi.

Kuosha

Anza na shampuu kabla ya maji. Mimina shampuu kwenye kiganja, uipake moja kwa moja juu ya mafuta, sugua mpaka ilegee, ndipo utie maji vuguvugu. Ukitangulia kumwaga maji, mafuta yanayakataa na utamaliza nusu chupa ya shampuu bila mafanikio. Suuza, kisha tia shampuu mara ya pili. Harufu nyingi huondoka kwenye mkupuo huo wa pili.

Maji nayo yana neno. Ya mfereji yanayotoka bwawa la Ndakaini ni laini na shampuu inatoa povu vizuri. Lakini mitaa mingi sasa inategemea visima virefu, na mengi ya maji hayo yana chumvi. Povu halitoki, na kichwa kinabaki na utando. Kama kwako ni ya kisima, weka kando maji ya mvua au ya mfereji kwa ajili ya kusuuzia mwisho. Na usitumie sabuni ya kipande, kwa sababu ikikutana na maji ya chumvi inaacha masalia meupe yanayofanana kabisa na mba.

Kondishena ipake kuanzia katikati ya nywele hadi ncha, isifike kwenye ngozi. Kausha kabisa. Fanya hivi mara moja kwa wiki, kwa wiki nne. Mwasho hupungua mapema, magamba huchukua muda zaidi. Kichwa kikishatulia, mara moja kila wiki mbili au tatu inatosha.

Baada ya kuosha usikimbilie kusukwa siku hiyo hiyo. Ipe ngozi siku moja mbili ipumue, kisha mwambie msusi asivute.

Kama una rasta na hutaki kufumua, achana na mafuta. Chemsha viganja viwili vya majani mabichi ya mwarobaini ndani ya lita moja ya maji kwa dakika kumi na tano, yaache yapoe, yachuje kwa kitambaa, unyunyizie kwenye mistari na kukausha. Yanapunguza mwasho. Yaweke kwenye friji na uyamwage baada ya siku tatu.

Yasiyowezekana, na ya hatari

Mwarobaini haurudishi nywele zilizong'oka kwenye paji kwa kuvutwa na rasta. Hapo dawa ni kuacha kuvuta, mapema, kabla mashina hayajafa. Mtoto mwenye mashilingi, yaani mabaka ya duara yaliyonyonyoka nywele, anahitaji vidonge vya hospitali kama griseofulvin au terbinafine, kwa sababu kuvu ile imeingia ndani ya unywele na mafuta ya juu hayaifikii. Akipakwa mwarobaini wiki baada ya wiki, wenzake darasani nao wanaweza kuambukizwa. Na mba isiyosikia baada ya wiki nne, au inayotoa maji, usaha au kushuka hadi kwenye nyusi na pembeni mwa pua, mwone daktari wa ngozi. Shampuu yenye ketokonazoli, dawa ya kuua kuvu, inapatikana kwenye maduka ya dawa. Paka, ngoja dakika tano, osha. Hakuna aibu kuitumia badala ya mwarobaini.

Mafuta haya hayanywewi. Si kijiko, si tone. Huko India na Malaysia kuna watoto wachanga waliopewa kama dawa ya kifua au ya tumbo wakatapika, wakapata degedege, na wengine wakafa. Chupa ikae juu, mbali na mikono ya watoto, na usiyahamishie kwenye chupa ya soda. Mama mjamzito, na yule anayetafuta mimba, namshauri ayaache kabisa, maana mwarobaini umechunguzwa hata kama njia ya kuzuia mimba. Mteja akiniambia ana mimba, namwosha kwa shampuu ya kawaida na tunaishia hapo.

Mwisho, vitu vinavyogusa kichwa. Wiki ile ile unayoanza, loweka vichana na brashi kwenye maji moto yenye sabuni, fua kofia ya kulalia, leso na foronya, na wigi nalo lioshwe ndani, pale linapokaa kwenye ngozi. Nikikuta mteja amefuata kila kitu na bado anawashwa, swali langu la kwanza huwa ni hilo la kichana, na la pili ni nani mwingine nyumbani anayekitumia.